Karoti za Tegeta Zimepanda Lushoto

Tegeta, Dar es Salaam
Mwezi wa tisa

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute jikoni karibu na moto, magoti yamepata joto, kikombe cha chai mkononi. Ikikukuta bondeni unapalilia, mwambie Wifi Naomi asubiri mpaka ukae ndipo akusomee, maana haya si ya kusikiliza umesimama. Nawe Naomi, wifi yangu, soma kwa sauti. Majirani wakisikia si vibaya.

Kile kifua ulichoniambia kwenye simu kimeachia? Na yule mbuzi aliyekuwa anakaribia kuzaa, alizaa salama? Sie huku tu wazima. Upendo anasoma, ameota meno ya mbele sasa anaringa nayo. Mwanao, Baba Upendo, naye ni mzima. Neno hilo nimeliandika taratibu, Mama, maana mwaka huu kuna siku sikuthubutu kulisema.

Najua mfuko umeshaufungua kabla ya barua. Ndiyo, umeona sawasawa, ni karoti. Nimekuletea karoti Lushoto! Ni kama mtu atoke huko milimani aje kuniletea zabibu mie Mgogo wa Dodoma. Cheka kwanza, halafu nisikilize zilikotoka. Baba Mdogo Zakaria ndiye aliyezibeba pamoja na barua hii, na najua atakusimulia, lakini atasimulia kwa namna yake na kuongeza chumvi. Ndiyo maana bahasha nimeibandika gundi, asiisome njiani.

Unakumbuka hali ilivyokuwa Baba Mdogo alipokuja kututazama wakati wa Pasaka. Kiharusi kilikuwa kimempiga mwanao kwenye joto lile la mwanzo wa mwaka, akiwa karakana kwake anachomelea geti la mtu. Mkono wa kulia ulilala, mguu ukawa mzito, na ulimi nao ukagoma. Hospitali walitupokea vizuri, wakatufundisha mazoezi, wakampa mpira mdogo wa kuminyaminya ili vidole viamke. Tulipofika nyumbani aliutupa uani. Nikauokota, akautupa tena. Akawa anakaa kwenye kiti sebuleni, uso ameuelekeza ukutani, kutwa nzima. Mtu aliyekuwa akiingia ndani nyumba nzima inajua amefika!

Baba Mdogo alikaa mbele yake, akaniambia mie kana kwamba mwenyewe hayupo: "Mkamwana, mji umemshinda huyu. Mkishavuka masika na kipupwe nitakuja na gari nimchukue. Akapumzike kwao."

Niliona chozi likimshuka mwanao shavuni, na hata mkono wa kushoto hakuunyanyua kulifuta. Mama, najua mlipanga kwa upendo. Najua ulishafagia kile chumba chake cha ujanani ukatandika na kitanda. Ila mie nilijua akibebwa vile, kama mzigo, hatarudi tena kuwa mtu mzima mbele ya macho yake mwenyewe.

Sasa sikia karoti zilivyoingia. Siku moja nilikuwa nampikia mwanao supu, nikawa nanung'unika peke yangu kwamba karoti nilizonunua gengeni zimelegea kama kamba. Nikasikia sauti nyuma yangu: "Hizo... si karoti."

Nikageuka. Wiki nyingi alikuwa hajasema zaidi ya ndiyo na hapana. Nikamuuliza, "Karoti ni zipi, Baba Upendo?"

Akahangaika na ulimi, mshipa wa shingo ukasimama. "Za Mama."

Basi nikasema moyoni, kama karoti ndizo zinamfungua kinywa, karoti zitaota hapa hapa.

Nikaenda duka la pembejeo nikanunua mbegu. Mie nimekulia kwenye mtama na uwele, karoti naijua ikiwa sahanini tu. Nikachimba kule nyuma ya nyumba, kwenye ule mchanga wetu, nikatupia mbegu, na mvua ya masika ikaja ikazizoa zote mpaka barabarani. Nikapanda tena. Safari hii Bi Sauda akanipa mbolea ya kuku wake, ya moto moto, nikaijaza. Bi Sauda ndiye yule jirani yetu mwenye duka la kona, Mwarabu wa zamani hapa, babu zake waliuza nguo. Miche michache ikachungulia, ikaungua, ikafa. Bi Sauda akaegemea ukuta, akanisikitikia.

"Mama Upendo, mwanangu weye, karoti na Dar wapi na wapi? Karoti yataka baridi. Panda bamia ule na mwanao."

Nilikaribia kumsikiliza. Ila mbegu zilikuwa zimebaki kidogo, na mvua za masika zilikuwa zimekatika, kipupwe kinaingia. Nikachukua jembe asubuhi, nikaanza kukwaruza juu juu kama kawaida yangu. Ghafla dirishani mtu akapiga kelele:

"Sivyo!"

Mama, lile neno lilitoka zima, halina kigugumizi. Nikakimbilia ndani nikidhani ameanguka. Nikamkuta ameshika nondo za dirisha kwa mkono wa kushoto, amesimama mwenyewe, amekasirika kweli kweli. Amekasirika kama mtu mwenye afya! Akanionyesha mlango kwa kidevu. Nikamwita Bi Sauda, tukamshika huku na huku, tukamkalisha kwenye kigoda pembeni mwa tuta. Kuanzia siku hiyo mie nikawa kibarua, yeye msimamizi.

Na alinisimamia! Nikachimba mpaka jembe likazama lote, nikachekecha vijiwe vyote vikatoka, maana karoti ikikuta jiwe inapinda. Mbolea mbichi akaikataa kabisa, akanikunjulia vidole vyake vya kushoto kunionyesha jinsi karoti inavyogawanyika. Nikatafuta samadi ya zamani iliyokauka ikawa kama unga. Mbegu akanichanganyisha na mchanga mkavu zisirundikane. Tukazifukia kidogo tu, tukamwagilia, tukazifunika na gunia lililolowa. Asubuhi na jioni nalimwagilia lile gunia, na kila asubuhi neno lake la kwanza ni "Funua." Nafunua ncha, tunachungulia, tunafunika. Nilikuwa nimeshakata tamaa asubuhi ile nilipofunua nikakuta nyuzi za kijani zimejaa mistari yote. Gunia tukaliondoa, tukajenga kichanja cha makuti kuzikinga na jua la mchana. Mwanao akazitazama mpaka chai yake ikapoa.

Tuligombana pia, nisikufiche. Miche iliposongamana akasema ing'olewe, ibaki yenye nafasi. Mie nikagoma. Baada ya taabu yote ile ning'oe watoto wazima? Nikaingia ndani nimenuna. Niliporudi nikamkuta ameinama, anang'oa mwenyewe kamche kamoja kamoja kwa mkono wa kushoto. Halafu akafika mahali mkono wa kushoto haufiki. Nikasimama mlangoni. Akaunyanyua ule wa kulia kwa kuusaidia na mwenzake, akauweka chini kwenye udongo, na vidole viwili vikaanza kutafuta. Vikakosa, vikakosa tena. Vikabana kamche kamoja, kakatoka na kamzizi kake.

Hakuniona nilivyolia. Tuta zima alilipunguza hivyo, kidogo kidogo, siku baada ya siku. Dada wa mazoezi wa hospitali alipomshika mkono kwenye kliniki akashangaa, "Mama, huyu unamfanyisha nini nyumbani?" Nikamwambia, "Ananifanyisha yeye."

Basi juzi Jumamosi Baba Mdogo akafika na gari kama alivyoahidi. Akaingia sebuleni akakuta kiti kitupu.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Yuko shambani, Baba."

Akadhani namtania. Nikampeleka nyuma. Mwanao yuko kwenye kigoda chake, fimbo kando, kofia ya makuti kichwani. Wakasalimiana. Baba Mdogo akainama akayapekua majani, nawe unamjua, amelima karoti tangu hajaota ndevu. Akatikisa kichwa.

"Majani mazuri. Lakini joto la huku linalea majani tu, wanangu. Chini hamna kitu."

Sie wenyewe tulikuwa hatujachimba hata moja, tunasubiri zikomae. Nilijiambia, ikiwa ni kweli, leo anapakiwa.

Mwanao akanyoosha mkono wa kulia, akashika shina, akavuta. Majani yakakatika yakabaki mkononi. Baba Mdogo akasogea amsaidie. Nikamshika mkono wa koti, Mungu anisamehe, mkamwana kumshika baba mkwe. "Baba, mwache."

Akayatupa yale majani. Akaanza kufukua udongo pembeni kwa kidole, polepole, anapumzika, anafukua. Akashika tena chini zaidi. Akavuta. Ikatoka, Mama! Ndefu, imenyooka kama mshumaa, nyekundu ile ya machungwa yaliyoiva. Kutoka upande wa pili wa ukuta kikalipuka kigelegele, kumbe Bi Sauda alikuwa amepanda juu ya ndoo anatuchungulia muda wote!

Baba Mdogo akaipokea, akaifuta kwenye koti, akaing'ata. Akatafuna mpaka akamaliza. Ndipo akauliza, na sauti yake haikuwa ile ya Pasaka, "Hii kakufundisha nani kuiotesha huku?"

"Mama," mwanao akasema. Kisha akavuta pumzi, akalipanga kila neno mahali pake: "Siendi, Baba Mdogo. Nina kazi."

Baba Mdogo akamtazama. Akavua koti, akakunja suruali, akachuchumaa upande wa pili wa tuta. Wakavuna pamoja mpaka jua likawa kali, wakibishana juu ya maji na nafasi, na yule mkubwa akawa anamjibu kama anavyojibu wakulima wenzake. Zilikuwepo zilizopinda na fupi kama kidole gumba, hizo tumezipika. Nyingi zilikuwa nzuri. Bi Sauda ametia achari chupa tele, na sasa anawaambia wateja dukani kwamba yeye tangu mwanzo alijua zitaota.

Sitaki nikudanganye, Mama. Bado anatembea kwa fimbo. Akichoka maneno yanamkimbia, na karakana hajarudi, vijana wake ndio wanaendesha. Lakini kile kiti nimekihamishia uani na uso wake unatazama matuta. Tuta la pili limeshachipua, la tatu anataka nichimbe wiki hii. Kile chumba ulichotandika usikitandue. Tutakuja kulala humo wote watatu shule zikifungwa, kama wageni wanaokuja kusalimia na kurudi kwao. Au njoo wewe. Huyu mkulima mpya anataka umkague.

Nisalimie Wifi Naomi, na shemeji yangu, mumewe, mwambie koti aliloniazima nimelitunza. Msalimie mchungaji wenu aliyetuombea kila Jumapili, mpe karoti mbili. Nisalimie bibi mzaa baba, mwambie jina lake linatajwa kwenye sala yetu kila tukila. Na kwa yule jirani aliyesema mie sijui kutunza mume, mpe salamu tu, nzuri kabisa.

Upendo anakushika miguu. Nami nakushukuru kwa kumlea mtoto kwenye matuta, maana ulimlea na kwa ajili yangu.

Mkamwana wako akupendaye,
Ester, Mama Upendo

Ngoja, ananinyang'anya kalamu.

MAMA SHIKAMOO. USIZIPIKE. TAFUNA HIVYO HIVYO. NI TAMU.
YOHANA