Tofali za Chumba cha Nyuma

Kabungu,
14 Septemba 2025

Kaka Josephat,

Habari za Dodoma? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku tunaendelea vizuri, Baba anakula na anatembea. Mimi tu ndiye nina hasira, na nakuandikia kwa sababu namba yangu umeifunga kwenye simu. Barua huwezi kuifunga.

Huyo Fabrice uliyemtuma alifika Jumanne kukagua nyumba niliyokujengea kabla hamjahamia. Alivaa kofia ya plastiki utadhani anaingia mgodini, na nyumba imeezekwa tangu Juni. Salamu hakutoa. Aligonga vigae kwa sarafu kimoja kimoja, akamwaga ndoo ya maji bafuni, maji yakakimbilia mlangoni badala ya kwenye tundu. Hilo ni langu, nitavunja sakafu niirudie. Mengine aliyoandika, mara kitasa kigumu, mara rangi imeruka, ni ya mtu anayetaka aonekane amefanya kazi.

Halafu akaingia chumba cha nyuma, ambacho hakijapigwa plasta, akakwangua ukuta kwa ufunguo. Vumbi likamwagika. Akasema tofali hazikuiva, ukuta ubomolewe. Jioni yake ukaandika kwenye kundi la ukoo kwamba mimi ni mwizi, nimekula njama na muuza tofali, na kwamba muuzaji huyo utamfikisha polisi. Miaka kumi na tisa najenga Mpanda hii, hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Umekuja kuniita wewe, niliyekubebea sanduku hadi stendi ulipokwenda chuo. Sijakusamehe, na sijui kama nitakusamehe.

Lakini polisi usiende. Tofali zile alizifyatua Baba.

Alisema hana kingine cha kukupa, basi angalau chumba kimoja cha mwanawe kisimame kwa mikono yake. Alinikataza nisikwambie mpaka siku ya kuhamia. Alifyatua mwezi mzima, akapanga tanuri, akalichochea mwenyewe, msaada wangu akaukataa. Kuni zikamwishia mapema, na kwa macho yake yaliyofifia hakuona kuwa moto bado haujafika juu. Alipolifungua nilishika tofali moja nikajua ni mbichi. Nikamwambia zimeiva vizuri sana. Nikazijenga nikijua, na kosa hilo nimelifanya mimi, si mtu mwingine.

Baba hana simu, ujumbe wako hajausikia, na ukoo mzima nimeuomba unyamaze. Kila asubuhi anabeba kigoda chake, anakaa mbele ya ukuta ule, anaupapasa, ananiuliza Josephat anakuja lini.

Fabrice yuko sahihi, mvua zikianza ukuta hautasimama. Nyundo ipo, ila mimi siishiki. Njoo uubomoe wewe, Baba akiwa amekaa hapo hapo, na umweleze unabomoa kwa nini.

Nisalimie shemeji, na watoto waambie babu anawasubiri. Wewe sikusalimii.

Mdogo wako, yule mwizi,
Cletus