Karatasi Chini ya Sahani za Harusi

Kibokoni, Mji wa Kale
10 Julai 2025

Mwanangu Nabiha,

Assalaam alaykum. Waionaje baridi ya Nairobi? Ile sweta wavaa? Mimi mzima, alhamdulillahi, ni goti tu lanikumbusha umri nikipanda ngazi.

Sasa nisikilize. Ile brauza mpya niipendayo, uliyosema haielewani na programu yako ya kutunza nywila, sasa zaelewana! Kompyuta yenyewe ilileta ujumbe jana kwamba zaweza kuunganishwa. Nikaitoa ile karatasi uliyoniachia amana, chini ya sahani za harusi yangu, nikaliandika lile neno la siri refu herufi kwa herufi. Likakubali! Mimi wa darasa la saba! Wala sikumwita mtu. Jirani yetu Mama Chirau alikuwepo, akabaki mdomo wazi. Nikamwambia, "Huyo ndiye mwanangu, Mkuu wa Nyaraka."

Sasa nywila zangu zajiandika zenyewe. Kazi yangu ni kubonyeza tu.

Mamako, mama wa Mkuu wa Nyaraka


Nairobi
19 Julai

Mama yangu,

Wa alaykum salaam, na shikamoo. Sweta navaa, usijali. Mwili mzima, moyo ndio sio.

Jumatano ile, tarehe tisa, mtu aliingia kwenye mfumo wa kazini kwa jina langu akaghairi kibali cha kontena la vitanda vya hospitali. Siku kumi sasa limekwama bandarini Kilindini. Wamechunguza, wamekuta aliyeingia alikuwa Mombasa. Na Mombasa, ofisi yetu ya Shimanzi, nani aliyewahi kukaa meza moja na mimi, akaweza kuiona nywila yangu? Joab. Wamemsimamisha kazi. Joab yule yule, Mama, aliyekula kwetu Idi mbili.

Naomba unisamehe kwa kukuuliza. Nywila zangu za kazi zimo mule mule na zako. Ulifungua zako tu, siyo?

Mwanao, Nabiha


Kibokoni
20 Julai

Mwanangu,

Salamu na dua. Zangu tu, mwanangu. Vya kazi ningevigusaje, mimi najua nini? Pengine hao wachunguzi wamekosea. Joab mpe salamu, mwambie Mungu yupo. Huku kuna manyunyu. Nimepika mkate wa sinia, umetoka vizuri mashallah.

Mamako


Nairobi
8 Agosti

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya hivi? Goti lakusumbua?

Joab ataitwa mbele ya wakubwa Jumatatu, hapo hapo Shimanzi. Wenzake wasema hatorudi. Jana amenipigia simu. Hakulalamika. Aliniuliza jambo moja tu: "Wewe waamini ni mimi?"

Nilimjibu sijui. Mama, nilimjibu sijui.

Mwanao, Nabiha


Kibokoni
9 Agosti

Nabiha,

Leo sianzi na habari za goti. Ni mimi.

Mama Chirau alikuwa amekaa na kikombe chake cha kahawa. Akasema, "Mkuu, Mkuu, kila siku Mkuu! Huo ukuu wenyewe mbona hatuuoni?" Nikaliona jina la kampuni yenu kwenye orodha, nikabonyeza. Jina likajijaza, neno la siri likajijaza, kukafunguka. Ukawa wewe pale juu, jina lako na cheo chako. Nikamwonyesha kwa kidole. "Haya, soma!" Nikazidi kushuka chini na kubonyeza-bonyeza aone kazi zako, kikatokea kijisanduku cha Kizungu chauliza kitu. Sikukielewa. Lakini Mama Chirau alikuwa aniangalia, nami nikaona haya kusema sijui. Nikabonyeza cha kukubali, kama mtu ajuaye.

Uliponiandikia nilijua saa ile ile. Nikakujibu habari za mkate wa sinia.

Simu naiogopa, ungeisikia sauti yangu. Nikimaliza kuswali, mikono yashindwa kuinuka. Uliniachia amana, nami niliitoa nikaifanya pambo la kumwonyeshea jirani. Wewe ulimjibu Joab hujui, na kweli hukujua. Mimi nilijua, na wiki tatu nimemwacha yule mtoto wa watu abebe.

Jumatatu naenda Shimanzi.

Mama yako


Nairobi
10 Agosti

Mama,

Usiende. Kanuni ya kazi ni kwamba neno la siri halipewi mtu, hata mama. Wakijua nilikuachia, cheo chaondoka. Ningoje hadi Jumatano nitafute namna ya kulisema. Nakuomba.

Nabiha


Kibokoni
11 Agosti

Mwanangu Nabiha,

Assalaam alaykum. Barua yako naisoma sasa hivi, nimesharudi, buibui hata sijavua. Kompyuta sikuifungua tangu Jumamosi. Niliogopa jibu lako, na naona sikukosea kuogopa.

Bawabu aliniuliza, "Wewe nani, mama?" Jawabu la swali hilo nimekaa nalo tangu upandishwe cheo, nikingoja siku utakayonikaribisha kwenye ofisi zenu. Likanikwama. Nikasema, "Mama yake Nabiha." Akanifungulia.

Nimewaambia wakubwa wenu yote, na kijisanduku, na Mama Chirau na kahawa yake. Nilipofika pale nilipoona haya kusema sijui, bwana mmoja akacheka. Joab hakucheka. Aliinuka akanipa kiti chake, yeye akasimama. Walipotuambia tutoke, alinishika mkono kwenye ngazi. Nikangoja aseme neno. Akaniuliza, "Goti vipi, mama?" Basi nikalia pale pale, watu wapita.

Kesho arudi kazini. Wewe watakuita, wamesema. Mpigie yeye kwanza kabla hawajakuita.

Kwa Mama Chirau nimepita, nimemwambia kwa mdomo wangu kwamba huenda cheo chako kimekwenda, na aliyekiondoa ni mimi. Alinimiminia kahawa.

Karatasi iko pale pale chini ya sahani. Kuituma sitaki, na kuigusa tena siwezi. Njoo uitoe kwa mkono wako, hata kama hutokaa kula.

Mama yako