Hata Tone Moja, Jamani

Chakula kiko kwenye friji, pasheni wenyewe. Mkimaliza, gesi izimwe.

Kaktasi yangu ya dirishani isimwagiliwe, hata tone. Baba watoto, hata ukiionea huruma. Wifi, maji uliyooshea mchele nayo ni maji.

Asubuhi nimeigusa shina, kidole kikazama kama kwenye ndizi iliyoiva kupita kiasi. Kumbe kila mtu humu ndani amekuwa akiimwagilia kwa siri, akidhani wenzake wameisahau. Vyombo vinalala kwenye sinki vikikosa wa kuvihurumia, lakini mmea wa jangwani unanyweshwa na watu watatu.

Shina la chini limeoza lote, nimelitupa. Kile kichwa chekundu cha juu bado kizima, kwa hiyo nimekibebesha, yaani nimekiunga, kwenye shina jipya la kaktasi alilonipa jirani. Kisu cha matunda kioshwe kabla hamjala nacho. Mimi ni fundi cherehani, kuunga vipande viwili ndiyo kazi yangu, ila vitambaa havijawahi kuniozea mkononi. Nimefunga kwa bendi ya nywele ya binti yangu. Mwanangu, bendi haitoki mpaka vishikane, nenda shule na kitambaa.

~~Ikifa, itupeni tu, nimechoka.~~

Ikifa, niambieni. Msikimbilie tena sokoni kununua nyingine na kuiweka palepale kama vile mimi ni kipofu. Niliyoinunua mimi ilikuwa ya njano.

Mama mwenye nyumba, na mwenye macho