Sumu ya Tunutu

Alhamisi, baada ya chakula

Mama mkwe amenuna, na ana haki. Nimemnyang'anya ndege aina ya kanga aliyemwokota shambani akiwa amekufa.

Juzi Bwana Shamba, yule Mwingereza wa bomani, alituamuru tumwage pumba zenye sumu ili kuua tunutu, wale nzige wachanga ambao hawajaota mbawa. Tunutu wamekufa na mtama wetu umepona. Nilifurahi, siwezi kujidanganya. Lakini korongo, ambao siku zote hutusaidia kuwala, wamekula na wale wenye sumu. Leo asubuhi tumewakuta wamelala kati ya mashina ya mtama, midomo wazi.

"Watoto hawajaonja nyama tangu mvua ianze," mama alisema, amemkumbatia yule kanga.

"Samahani, mama. Amekula walichokula korongo."

Nilimzika mwenyewe. Mama alilia, nadhani zaidi kwa njaa kuliko kwa hasira.

Mume wangu Yohana ananiambia nisihofu, pumba nyingine zitaletwa. Hilo ndilo linalonitisha. Jioni nilipokwenda kisimani niliona ardhi ikichezacheza. Tunutu wapya walikuwa wanatoka mchangani, wadogo, weusi, wengi kuliko wa kwanza. Nikatazama juu kuwatafuta korongo. Hakuna hata mmoja. Kulikuwa kimya hadi nikasikia majani yakitafunwa.

Nikakimbia nyumbani kuwafungia kuku, wasije wakaenda kudonoa shambani kwenye sumu. Jogoo hayupo. Watoto wanasema walimwona mchana, akielekea shambani.