Zamu ya Kucheza Kwetu

Jumanne, 5 Agosti 2025

Ratiba ya kombe imetoka. Kocha Kristina katusomea uwanjani, tumekaa chini tunavua viatu. Fainali ni sisi Pweza na wale Vipepeo wa Kenya. Mechi moja tu – kwao! Mwaka juzi kwao, mwaka jana kwao, sasa tena kwao. Kamati inasema uwanja wetu hapa Nguvumali, Tanga, hauna nguzo za raga.

Basi mimi sichezi. Yasini bado ananyonya, na mama mkwe, Bi Kijakazi, kashasema mjukuu wake havuki mpaka wa Horohoro kwenda kulala majumba ya watu. Nimejifungua, nimerudi mazoezini, nakimbia kuliko zamani. Halafu nisubiri matokeo kwenye simu.

Nimemnyonyesha huku nalia. Kaniangalia, kacheka. Nikacheka na mimi.

Alhamisi, 7 Agosti

Kristina kaja kumbembeleza mama mkwe. Kaanza na shikamoo, kapewa chai, kisha mama ndiye akamhoji yeye. Kwani mechi hizi hazina zamu? Kristina akaeleza habari za nguzo. Mama kaishi uke wenza tangu mume wangu Badru hajazaliwa. Akaweka kikombe chini.

"Mume ana wake wawili. Kalala kwa mkubwa zamu tatu mfululizo. Ukimuuliza, anasema kwa mdogo hakuna chandarua. Si anunue chandarua?"

Tumecheka mpaka Yasini kaamka. Kristina akamwomba arudie, akarekodi, akawatumia kamati.

Loo. Kumbe kaituma kwenye grupu la timu zote. Vipepeo wenyewe wamo.

Jumapili, 10 Agosti

Hawakukasirika! Mmoja kaandika kwamba na yeye ana mke mwenza, na huyo mama wa Tanga kasema kweli, zamu ni zamu. Wenzake wakamuunga mkono. Jioni kamati ikajibu: mechi Tanga, ilimradi nguzo zisimame.

Nimemrusha Yasini juu mpaka kacheua. Nacheza!

Mama anajifanya hajali. Lakini kila mgeni akija, naambiwa niweke ile rekodi.

Ijumaa, 22 Agosti

Nguzo zimesimama. Badru na wenzake wa karakana wamezichomelea kwa mabomba, wakapaka rangi nyeupe. Moja imeinama kidogo, kama mtu anasikiliza umbea. Badru anasema ni macho yangu. Haya.

Vipepeo wameingia alasiri, wamejaa vumbi. Tumegawana wageni. Mimi nimepata Zuwena, winga kama mimi. Ndiye nitakayemkaba kesho. Ana miguu huyo! Mama kampakulia wali wa nazi, nikamnong'oneza amwongeze, kesho awe mzito. Kanifinya.

Zuwena alipomwona Yasini akamshika vidole vya mguu. Kumbe naye ana mtoto, wa kike, hajaota hata jino. Kamwacha kwa mama yake. Kalala kajifunga kanga kifuani, kaikaza.

Siku ile nilivyokuwa nashangilia, sikuuliza nani wa kule atamwacha mtoto wake.

Jumamosi, 23 Agosti

Asubuhi. Zuwena hawezi kuinua mkono. Maziwa yamejaa, kifua kama jiwe. Kajikamua, wapi. Nayajua maumivu hayo. Hivyo alivyo, nikimpita leo hanifikii.

Yasini kaamka analia njaa. Zuwena akasema polepole, "Dada, nimpe?"

Nikamvuta Yasini kifuani. Mama yuko mlangoni, kasikia.

"Fikirini. Akinyonya hapo, binti yako ni dada yake wa kunyonya. Mmeua harusi yao, na mimi pilau nishaanza kuitamani."

Zuwena kacheka, machozi yanamtoka. Mama hakusema nifanye nini. Karudi jikoni.

Akinyonywa atapona, atanikimbiza uwanja mzima mbele ya watu wangu. Na mwanangu atakuwa na mama wa pili huko ng'ambo, maisha.

Simu inaita. Kristina, tumechelewa. Zuwena kakaa kwenye mkeka, haombi tena, anatazama mlango. Yasini kashanusa maziwa, kageuza kichwa upande wake.

Naandika kwa mkono mmoja. Mwingine umemshika Yasini – na huo ndio unaolegea, aende kwa Zuwena