Miayo ya Baba

Shianda, 4 Juni 1994

Binti yangu Muhonja,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Mimi mzima, ni mgongo tu na haya mapalilio ya miwa. Huko Nairobi mnakula mkashiba kweli?

Mwanangu, baba yako anatuchezea. Tangu kiharusi kilipompiga mwezi wa tatu namwosha, namlisha, neno hasemi, mkono wa kulia umelala tu. Haya. Jumapili alipiga miayo, na mkono ule ule ukainuka mpaka begani! Nikamwambia, “Baba Muhonja, inua tena.” Ananitazama tu. Akipiga miayo, unainukanga. Baba yako mdogo Shikanga ameona kwa macho yake, akasema huyu amezoea kudekezwa.

Basi tumeufunga wa kushoto kitini kwa leso. Mchana sahani iko mbele yake, njaa ikimuuma atanyoosha wa kulia. Jioni moyo ukinishinda namnywesha uji. Wewe unasomea tiba ya viungo, niambie kama nakosea.

Mama yako

Nairobi, 15 Juni 1994

Mulembe mama,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Mfungue baba. Mfungue kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Hadanganyi. Ukitaka kushika jembe, amri inatoka juu ubongoni upande wa kushoto, inashuka, inavuka kwenda kulia, inapita uti wa mgongo hadi mkononi. Kiharusi kimeikata njia hiyo huko juu. Baba anataka, mama, anataka sana, lakini amri haifiki. Miayo nayo haingoji mtu atake. Inaanzia chini, kwenye shina la ubongo, ambako kiharusi hakikufika, na inashuka kwa njia yake nyingine. Mkono unainuka bila yeye. Hata yeye anashangaa.

Maneno pia yalikuwa upande huo ulioumia, kwa hiyo hawezi kujitetea. Lakini anasikia mkimwita mwongo! Nakuja mtihani ukiisha. Mlishe, nakusihi.

Binti yako, Muhonja

Nairobi, 24 Juni 1994

Mama,

Hamjambo? Mbona kimya? Amefunguliwa? Usingizi sipati. Niandikie hata neno moja.

Muhonja wako

Shianda, 28 Juni 1994

Muhonja,

Leo salamu sina. Barua zako zote mbili zimefika jana kwa pamoja. Zilikuwa zimelala kwa sanduku la shule, mwalimu mwenye ufunguo alikuwa amesafiri.

Nimemsomea baba yako kwa sauti. Pale uliposema “baba anataka,” alilia mpaka kola ikalowa. Nikafungua leso. Ole wangu, kifundo cha mkono kina kidonda! Nikapiga magoti, nikamwambia, “Baba Muhonja, nimekukosea, nisamehe.” Nikamega obusuma, ugali wa moto, nikampelekea mdomoni.

Akanisukuma. Kwa huo mkono wa kushoto niliomfungua, akasukuma mkono wangu na sahani ikaanguka. Nimeleta uji, nimeleta maziwa, nimemchinjia ingokho, kuku mzima. Shikanga amejaribu, akageuziwa uso. Tangu jana amefunga meno, hata maji hapokei.

Hiki si kiharusi, mwanangu. Amri hii ameitoa mwenyewe, na imefika.

Achana na mtihani. Njoo umlishe wewe, labda kwako atafungua mdomo.

Mama yako