Wimbo wa Mvinyo Niliokuhukumia

Atieno, mwenzangu,

Miezi minne imepita tangu mshipa ule upasuke kichwani mwako, na mimi bado sijakuomba radhi. Zamu zako pale hospitali yetu, Harborne, huku ughaibuni, amepewa nesi mwingine. Mpole, lakini haimbi akitandika vitanda.

Nakumbuka jioni kwaya yetu ilipoanza kujifunza ule wimbo wa opera, wa Kiitaliano, wageni wanapoinua glasi na kusifu mvinyo. Wewe ulipewa sauti ya mwanamke mwenye karamu. Mimi nikafunga daftari. Ukacheka: "Ai, Zuhura, hiyo ni glasi ya kuigiza tu. Wacha kujistress." Nikakujibu mbele ya kwaya nzima, "Wewe umezoea pombe. Sisi kwetu Unguja hatukulelewa hivyo."

Ulienda ukasimama dirishani, ukatupa mgongo. Nikaacha kwaya. Wiki tatu tukapishana kwenye korido za wodi kama watu wasiojuana, kisha ukafa.

Baada ya ibada ya kukuaga, kaka yako Ochieng' aliketi karibu nami ukumbini, Selly Oak. Nikamweleza nilichokutamkia, sikuweza kukibeba tena. "Mzee wetu aliuawa na chang'aa," akasema. "Atieno ndiye alimpata asubuhi. Yeye hakuwahi onja pombe hata siku moja." Ulimwambia, eti, kwamba ni ndani ya wimbo ule tu ndimo ulimoweza kushika glasi bila kuogopa.

Atieno. Mbona hukuniambia? Lakini ungeniambia vipi, nami nimeshakata hukumu?

Nimerudi kwaya. Mwalimu hakuniuliza kitu, alinipa karatasi tu. Jumamosi tuliuimba wimbo ule, ukumbi umejaa. Sehemu yako aliimba msichana mmoja wa chuo. Mimi nilikuwa nyuma, kwenye kiitikio, na glasi ya maji ya ukwaju niliyoyanunua dukani Alum Rock. Tulipofika pale sote tunapoinua mikono, niliinua glasi yangu kwa nguvu, maji yakanimwagikia kifuani. Sikuacha kuimba.

Nisamehe. Sitajua kamwe kama umenisamehe, na hilo nitaishi nalo.

Ochieng' amenipa namba ya mama yenu. Anasema watu wa kijijini wameanza kukwepa kulitaja jina lako mbele yake, wakidhani wanamwonea huruma. Mimi nitampigia kila Jumapili, na nitalitaja. Nakuahidi.

Pumzika, mwenzangu.

Zuhura